Chumba cha mita 6 kwa 5 na dirisha la ziwani: seti ya kipindi cha asubuhi inaanzia wapi?

Swali: "Shikamoo kaka. Mi ni mtayarishaji kwenye tv ndogo ya mtandaoni hapa Mwanza. Bosi kakubali tuanze kipindi cha habari cha asubuhi, saa 12 mpaka saa 2 na nusu, live kila siku ya kazi. Chumba tulichonacho ni mita 6 kwa 5, dari iko mita 2.9, na upande wa magharibi kuna dirisha kubwa linaona ziwa. Bosi anataka dawati kubwa na ukuta wa LED kama wa vituo vikubwa, mi nataka sofa na hilo dirisha. Hela ni ya kuungaunga. Tufanyeje, na tuanze na kitu gani?"

Marahaba mdogo wangu. Umenitumia vipimo vya chumba na umeniambia dirisha linatazama upande gani, hapo umeshanirahisishia nusu ya kazi maana wengi wananiandikia "tuna chumba kizuri" halafu basi.

Kabla ya sofa na dawati, hebu mfikirie anayewaangalia. Saa 12 na nusu asubuhi hakuna mtu aliyekaa anaitazama tv. Mama anapiga pasi shati la shule, mwingine anatafuta soksi, chai iko jikoni inachemka, tv inaongea peke yake sebuleni na watu wanapita mbele yake, wanasikiliza zaidi kuliko kuangalia, halafu kikitajwa kitu kinachomhusu anageuza shingo sekunde mbili tatu anarudi kwenye pasi yake. Hizo sekunde mbili ndo seti yako, yaani viti, kuta na vitu vyote vinavyoonekana kwenye picha, inafanya kazi. Na anapogeuka anaona nini? Mara nyingi anaona uso wa mtangazaji kuanzia kifuani na kile kipande cha ukuta kilichoko nyuma ya masikio yake, basi. Ile picha pana inayoonyesha studio nzima inakuja mwanzo wa kipindi, ikitoka matangazo, na wageni wakiingia. Dakika zilizobaki zote ni picha za karibu.

Kwahiyo seti usianze kuichora kwa kusimama mlangoni ukaangalia chumba. Anzia kichwani kwa mtangazaji urudi nyuma. Fanya hivi hata kesho: weka viti vya plastiki viwili pale unapofikiria watu watakaa, kalisha wenzako, chukua simu uilaze, piga picha ya kila mmoja kuanzia kifuani, halafu ya wawili pamoja, halafu ya wote. Kila picha iangalie mwenyewe bila kukumbuka chumba kilivyo. Nyuma ya huyu kuna nini? Swichi ya umeme? Kona ya mlango inamtoka kichwani kama pembe? Ukishajua zile sehemu nne au tano za ukuta ambazo kamera itaziona kila siku, hela yako yote ya seremala na rangi inaenda hapo, zile nyingine piga rangi tu. Nimeona vituo vinatengeneza ukuta wa mita nane wa nakshi, halafu nyuma ya kichwa cha mtangazaji kuna kipande kitupu cha kijivu, na hicho ndo watu wanakiangalia masaa mawili na nusu.

Kwa chumba chako mi ningepiga kamera kona kwa kona. Ukipiga kamera kunyooka kutoka ukuta hadi ukuta una mita 6 tu, lakini kutoka kona hadi kona unapata karibu mita 7.8, na huo karibu mita mbili unaouongeza ndo unafanya chumba kionekane kirefu kwenda nyuma. Watu wakae angalau mita mbili mbele ya ile kona ya nyuma. Msiwabandike ukutani, mtu akikaa karibu na ukuta kivuli chake kinamfuata pale nyuma na picha nzima inakuwa kama ya pasipoti.

Sasa sofa au dawati. Huu ubishi wenu na bosi ni wa zamani sana. Uingereza mwaka 1983 BBC walipoanzisha Breakfast Time, tarehe 17 Januari, waliwaweka watangazaji kwenye sofa jekundu na mtangazaji wao Frank Bough akawa anasoma mambo mazito kavaa sweta, watu walikuwa wamezoea habari za suti na dawati. Washindani wao TV-am wakaja wiki mbili baadae, tarehe 1 Februari, na mpaka leo ukisema tv ya asubuhi kule watu wanawaza sofa. Sababu yake ni ya kibinadamu tu, asubuhi hujawa tayari mtu akuhutubie. Kwahiyo kwa hili niko upande wako. Ila bosi naye ana hoja, sababu ikitokea ajali ya kivuko au msiba mkubwa saa 12 na dakika 10, mtangazaji aliyeegemea mto wa sofa anaonekana hajali hata kama ameumia moyoni. Unahitaji sehemu moja ya kukaa wima.

Jawabu langu ni viti, visiwe vya kuzama. Sofa za dukani zimetengenezwa ili ulale, mgeni akikaa magoti yanapanda juu kuliko kiuno, tumbo linajikunja, koti linapanda mabegani, na akiwa dada amevaa gauni anatumia mahojiano yote akivuta nguo badala ya kujibu swali. Kama lazima iwe sofa, mwambie fundi aingize ubao wa plaiwudi chini ya mito na aongeze sponji ngumu, sehemu ya kukalia iwe kama sentimita 48 kutoka chini hata mtu mzito akishakaa. Haionekani kwenye kamera, ila mtu anakaa kama mtu. Viti msivipange mstari mmoja kama benchi la zahanati, vigeuzwe kidogo vitazamane ili wazungumze bila kuvunja shingo. Halafu wainueni. Jengeni jukwaa la sentimita 20 au 25 la mbao na plaiwudi nene, juu zulia, ndani lijazeni sponji au magunia lisiwe ngoma mtu akikanyaga. Faida yake ni kwamba kamera inakuwa usawa wa macho ya aliyekaa bila mpiga kamera kuinama asubuhi nzima, maana kamera ikiwa juu ya macho wageni wote wanaonekana kama wanaomba msamaha.

Dawati dogo liwepo, la kusimamia, nitakuja nalo kwenye magazeti.

Ukuta wa LED, yaani ile skrini kubwa ya vitaa vidogovidogo, hapana. Sikatai kifaa chenyewe, nakataa chumba chenu. Zile kuta zinapimwa kwa umbali kati ya nukta na nukta, ukisikia P2.5 ujue ni milimita 2.5. Ukuta wa mita 3 wa namna hiyo una nukta 1,200 kwa upana, na kamera ikiwa kwenye picha ya karibu inaona labda mita moja na nusu ya huo ukuta, yaani nukta 600 zinajaribu kujaza picha ya HD yenye nukta 1,920. Hapo zinaanza kuonekana chembechembe, na mbaya zaidi nukta za ukuta zikigongana na nukta za kamera inatokea ile mistari ya mawimbi inayotembea nyuma ya kichwa cha mtu kama maji. Dawa yake ni mtu akae mbali na ukuta ili ukuta uwe nje ya fokasi, na nyie huo umbali hamna. Kituo kimoja nilichofanya nacho kazi walinunua ukuta wakauweka mita moja na kidogo nyuma ya viti, baada ya majuma machache wakaufunika na pazia, na hela ilikuwa imeshaenda. Iliniuma, sababu hela ile ilikuwa inatosha taa nzuri na mishahara ya mafundi kwa muda mrefu.

Chukueni tv moja ya inchi 55 au 65, iwekeni kwenye stendi kando ya watu. Isikae nyuma yao katikati. Na msiiache na mipangilio ya dukani! Tv ikitoka boksini ina mwanga mkali na rangi ya bluu ili ivutie kwenye maduka, shusheni mwanga wa nyuma mpaka nusu au chini ya hapo, rangi iwekeni upande wa joto, halafu muiangalie kupitia kamera. Kwa macho itaonekana imefifia, kwenye kamera itakuwa sawa.

Haya, dirisha. Hapa nina furaha kabisa maana una kitu ambacho watu wanakilipia. Marekani kituo cha NBC walipoanza kipindi chao cha asubuhi, Today, tarehe 14 Januari 1952 walikuwa kwenye ukumbi wa RCA, kampuni iliyokuwa inawamiliki, wenye kioo kinachotazama barabara ya 49 New York, watu wanapita nje wanachungulia, na mwaka 1994 wakahamia studio nyingine ya vioo kwenye majengo yaleyale ya Rockefeller Center kwa sababu walijua mtaa ule ndo unamwambia mtazamaji "hii ni sasa hivi, siyo jana". Ziwa lako linafanya kazi hiyohiyo. Na bahati ni kwamba linatazama magharibi! Dirisha la mashariki asubuhi jua linakupiga usoni kwenye lenzi, mtu anageuka kivuli. La kwako jua linatokea nyuma ya jengo linakwenda kumulika maji, mitumbwi na mawe, kwahiyo mandhari yanamulikwa kwa mbele, laini, na yanabaki hivyo mpaka kipindi kiishe.

Shida ni saa 12 kamili. Mwanza jua linachomoza kuanzia kama saa 12 na nusu mpaka karibu saa 1 kutegemea mwezi, na huku kwetu karibu na ikweta halipandi kwa kujivuta, linapanda wima, giza linaondoka kwa haraka. Yaani mnaanza kipindi nje kukiwa giza totoro na saa moja baadae nje kunang'aa kuliko taa zenu zote. Kioo gizani hakionyeshi ziwa, kinakuwa kioo cha kujitazamia, mtaona kamera, mpiga kamera, taa zote na yule kijana aliyebeba kikombe. Halafu kuna dakika kama ishirini ambapo nje ni bluu nzito, nzuri mno, ule ndo wakati wenu wa dhahabu. Halafu mwanga unafurika.

Kwahiyo dirisha lisiwe ukuta wenu mkuu, lionekane upande wa kushoto wa picha ya kamera moja, kamera ile ya picha ya wawili. Wekeni mapazia mawili, moja zito na moja jepesi jeupe la kupitisha mwanga. Saa 12 anzeni yote yamefungwa, taa ndogo ya mezani inawaka karibu na dirisha, seti inaonekana kama nyumba ambayo watu wameamka mapema. Kukianza kuwa bluu fungueni zito mbele ya kamera, live, mtangazaji mwenyewe anyanyuke afungue kama mtu anavyofungua pazia kwake, mkifanya kila siku watu wataingoja. Kukishapambazuka kabisa vuteni lile jepesi, au kama mnataka maji yaonekane muda wote bandikeni kioo kile kikaratasi cheusi cha kupunguza mwanga. Cha namba 0.6 kinaruhusu robo tu ya mwanga kuingia, cha 0.9 kinaruhusu moja ya nane. Kama hakipatikani, mafundi wa tinted za magari wanaweza kukubandikia, ila chagua tinted ya kijivu tupu, ile inayoakisi kama kioo au yenye ukijani itaharibu rangi ya ziwa na ya watu.

Mwanga ndo seti yenyewe, rangi ya ukuta inafuata. Nunueni taa za LED zinazofanana, kelvini 5600, yaani mwanga mweupe wa mchana, ili zikubaliane na dirisha, na muulize kiwango chake cha kuonyesha rangi (CRI), kiwe 95 kwenda juu, chini ya hapo ngozi zetu zinatoka kijivu au kijani na hakuna poda itakayookoa. Kamera iwekeni kasi ya shata 1/50 ya sekunde maana umeme wetu ni hezi 50, na mpunguze taa kwa dima mkiangalia kwenye kamera, taa za bei rahisi ukizipunguza zinaanza kupepesa na jicho halioni ila kamera inaona. Mwanga mkuu uwe mkubwa na mpana, upitishwe kwenye kitambaa cheupe, utokee ubavuni kidogo. Ngozi nyeusi haihitaji kumwagiwa mwanga mwingi, inahitaji kitu kipana cha kung'aria, ukimuwekea mtu mweusi taa ndogo kali anapata doa jeupe kwenye paji na mashavu yanapotea, ukimuwekea taa pana shavu lote linapata ule mng'ao laini unaoonyesha umbo la uso. Na nyuma kwa juu wekeni kataa kadogo kabandikwe darini kabisa, kamtenganishe mtu na ukuta. Dari ya 2.9 inatosha, ila ndo mwisho, msishushe jipsamu.

Hapohapo ndo rangi ya ukuta inaamuliwa. Msipake nyeupe! Ukuta mweupe nyuma ya uso mweusi unaidanganya kamera, inashusha mwanga wa picha nzima na uso unazama. Wala msipake nyeusi, nywele zitapotelea humo. Rangi ya katikati, ya maji ya ziwa iliyopoa, bluu yenye kijani ndani, isiyong'aa, hiyo ndo inaleta uso mbele. Halafu kitu kimoja cha joto tu kwa kila picha, taa ya meza, kipande cha mbao, kapu la ukili lenye mistari minene. Kumbuka wageni watakuja na vitenge vyao, mtu kavaa kitenge cha maua makubwa ya njano, akikaa mbele ya ukuta wa nakshi hamtajua nguo inaishia wapi. Seti inyamaze, wageni wavae.

Magazeti sasa. Kwetu kipindi cha asubuhi bila kupitia magazeti watu hawakihesabu, na ndo sehemu inayoharibika kuliko zote. Mnalaza gazeti kwenye meza ya kioo, taa ya juu inagonga, kichwa cha habari kinakuwa doa jeupe, mtangazaji anainama kusoma watu wanaona utosi. Hapa ndo lile dawati la bosi linapata kazi. Tengenezeni la kusimamia, kimo kama sentimita 105, uso wake umeinama kama mimbari nyuzi 20 au 30 kuelekea kwa msomaji, ubao wa MDF uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ukingo mdogo chini gazeti lisiteleze. Kamera ndogo juu darini, imetazama ule uso sawasawa kwa mlalo wake. Taa mbili, moja kila upande, zote zipige kwa pembe kutoka ubavuni, hapo mng'ao unakwenda pembeni haurudi kwenye kamera. Msomaji akitumia mkono wa kulia kuonyesha mistari, taa ya kushoto iwe na nguvu zaidi kidogo ili kivuli cha mkono kianguke nje ya habari. Mfundisheni kufunua kurasa kabla hajaanza kuongea, maana maiki ya kifuani inabeba mkwaruzo wa karatasi kuliko sauti yake. Na habari nzito ikitokea, kwenye hilohilo dawati ndo mtangazaji anasimama wima kuisoma, kwahiyo bosi naye kapata dawati lake.

Sauti kwa ufupi: dirisha la kioo, sakafu ya vigae na kuta tupu ni chumba kinacholia kama bafu. Lile pazia zito lisaidie, zulia kwenye jukwaa, na ukuta usioonekana nyuma ya kamera ujazeni magodoro ya sponji au mablanketi mazito. Kiyoyozi kizimwe wakati wa mahojiano kama kinanguruma, ndo faida ya zile taa za LED, hazichemshi chumba.

Saa msiitundike ukutani. Mtazamaji wa asubuhi anaangalia saa kuliko anavyowaangalia nyie, iwekeni kwenye grafiki pembeni ya skrini, kubwa, isomeke kutoka jikoni, na isitoke hata wakati wa matangazo.

Mpangilio wa hela ningeufanya hivi: taa na betri ya kuzishikilia umeme ukikatika kwanza, halafu maiki na mapazia, halafu jukwaa na viti, halafu dawati la magazeti, tv ya inchi 55 mwishoni kabisa. Mapambo mnunue baada ya majuma mawili ya majaribio. Maua ya plastiki msinunue kabisa, yanakamata vumbi na kamera ya HD inalionyesha vumbi lote.

Na majaribio yafanyike saa yenyewe, siyo saa 8 mchana baada ya chakula. Nendeni saa 11 alfajiri, washeni kila kitu, rekodini mfululizo mpaka saa 2 na nusu bila kusimama, halafu chukueni ile rekodi mkaiangalie kwenye tv ndogo ya nyumbani mkiwa mmesimama mlangoni mwa jikoni. Niandikie picha tatu kutoka humo, moja ya saa 12 na dakika 5, moja ya kwenye ile bluu, moja ya saa 2, zote za kifuani. Nitakuambia taa ipi isogee.